Kwa nini amplifaya iliyo kimya kwenye betri ya sola hunguruma ikichomekwa ukutani?

Kijana wa kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kibirizi, Kigoma, anajiundia amplifaya ndogo ya aisii ya TDA2003, yaani kipande kidogo chenye saketi ya kukuza sauti ndani yake. Anaiunga kwenye betri ya sola ya volti 12 na muziki unatoka safi, bila hata mvumo nyuma yake. Akihamia Mwanga au Ujiji, Kigoma mjini, anaitafutia transfoma, dayodi nne na kapasita, anachomeka ukutani, na kabla hajafungua wimbo wowote spika inatoa "mmmm" nzito isiyokoma. Bodi ni ileile na spika ni ileile. Wengi hapo huilaumu aisii. Hununua nyingine, wakailehemu, na mngurumo ukabaki palepale, maana aisii haikuwa na kosa. Kosa liko kwenye njia ambayo umeme hurudia.

Betri hutoa umeme ulionyooka. Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni wa volti 230 na hugeuka huku na huku mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Dayodi nne huigeuza nusu ya chini ya kila mzunguko ikae juu, kwa hiyo kinachotoka ni vilima 100 kila sekunde. Kapasita kubwa iko pale kufukia mabonde kati ya vilima hivyo. Sasa hapa ndipo penye siri: kapasita haijazwi taratibu. Hupokea umeme pale tu kilima kinapofika kileleni, kwa pigo fupi na kali, kisha hungoja kilima kingine. Mapigo 100 kila sekunde, hata kama hujacheza chochote.

Tupige hesabu. TDA2003 ikiwa kimya hula takriban miliampia 44. Kwa kuwa kapasita hujazwa kwa vipande vifupi vya muda, pigo moja laweza kufika ampia 0.3. Waya mwembamba wa sentimita 10 una ukinzani wa karibu omu 0.01. Zidisha, unapata milivolti 3. Ni kidogo mno, utasema. Lakini saketi ya kawaida ya aisii hii, yenye resista za omu 220 na 2.2, hukuza kinachoingia takriban mara 100. Milivolti 3 zikipenya kwenye mlango wa kuingizia sauti zinakuwa volti 0.3 kwenye spika, na hizo chumba kizima kitazisikia.

Zinapenyaje? Kwa sababu fundi ameunga hasi zote popote palipokuwa karibu, akiamini kwamba hasi ni hasi. Waya wa hasi wa simu au redio ukiungwa kati ya dayodi na kapasita, unapitia kipande kilekile kinachobeba yale mapigo. Aisii basi hupima sauti inayoingia kwa kuilinganisha na sifuri ambayo yenyewe inacheza. Ni sawa na mvuvi anayejaribu kupima kina kwa kamba akiwa ndani ya mtumbwi unaorushwa na mawimbi: ziwa halijabadilika kina, ila kila kipimo kinatofautiana.

Dawa yake haigharimu kitu. Hasi ya dayodi iende moja kwa moja hadi kwenye mguu wa kapasita kubwa, na njiani isiungwe kitu kingine. Kutoka kwenye mguu huo wa kapasita ndipo zitoke nyaya tatu, kila moja kivyake: ya spika, ya aisii, na ya mlango wa sauti. Mimi ningeanza na hili kabla ya kununua chochote. Kuongeza kapasita, ambako ndiko watu hukimbilia, husaidia pale sauti inapokatika besi ikipiga kwa nguvu; lakini kama nyaya za hasi zimeungwa vibaya, kapasita kubwa zaidi huyafanya mapigo yawe makali zaidi.

Sikio nalo ni kipimo. Mngurumo wa hezi 100 unakaribiana na waya mwembamba kuliko zote wa gitaa la besi ukipigwa wazi, ambao uko hezi 98. Wa hezi 50 uko oktavu moja chini yake. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi hawezi kuikosa tofauti hiyo, na sisi wa Kigoma tuko kwenye reli moja na Tabora, mji uliotupa bendi ya Tabora Jazz. Ukisikia wa 100, shuku kapasita na nyaya za hasi. Ukisikia wa 50, shuku waya wa sauti usio na wavu wa nje wa kuukinga, au transfoma iliyowekwa karibu mno na mlango. Izungushe kidogo usikilize kama mngurumo unapungua. Kwenye jenereta ndogo mngurumo hupanda na kushuka mzigo unapobadilika, kwa sababu mwendo wa injini nao hubadilika.

Kisha teremsha volyumu hadi mwisho. Mngurumo ukizimika, unatoka kabla ya volyumu. Ukibaki, uko ndani, baada ya volyumu.

Transfoma ya volti 12 baada ya dayodi na kapasita haitoi 12. Zidisha kwa 1.41, toa 1.4 ya dayodi, unapata karibu 15.5, na bila mzigo hupanda zaidi. TDA2003 imeundwa kufanya kazi hadi volti 18, kwa hivyo pima kwanza, ndipo uiunge. Siku ya kuwasha mara ya kwanza, pitisha umeme wa ukutani kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyoungwa mfululizo na transfoma. Kukiwa na shoti balbu itawaka kwa nguvu zote na transfoma yako itasalimika. Boksi la chuma liwe na waya wa ardhi, na nakuomba sana usiukate waya huo ati kuondoa mngurumo. Kuna waliokata, mngurumo ukaisha, na boksi likabaki likingoja mtu wa kuligusa.

Mguu wa 4 wa aisii, ule wa kutolea sauti, upimwe pia: usome karibu nusu ya volti zinazoingia. Kama unasoma sawasawa lakini aisii inachemka bila muziki, huenda inatetema kwa kasi ambayo sikio halifiki. Angalia resista ya omu 1 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya mguu huo na hasi. Mara nyingi ndizo zilizoachwa kwa kudhaniwa pambo.

Na kama amplifaya ni kimya ila huvuma simu inapochajiwa, chomoa chaja. Chaja nyingi ndogo huvujisha umeme kidogo, nao hurudi kupitia wavu wa waya wa sauti.