Magofu ya Kilwa Kisiwani hayakujengwa na Wareno

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, mkoani Lindi, hukosi mtu wa kukwambia magofu yale ni kazi ya Wareno. Tarehe zenyewe zinakataa. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505. Msikiti Mkuu ulikwishaanza kujengwa karne kadhaa kabla yao, na jumba la Husuni Kubwa, lenye bwawa lake la pembe nane, ni la karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika mwaka 1331 akamkuta sultani huyo madarakani.

Nadhani Gereza, ile ngome iliyo karibu na gati, ndiyo iliyowachanganya watu. Wareno walijenga ngome hapo, kweli, lakini waliihama mwaka 1512, na kuta nyingi tunazoziona leo ni za Waomani.

Ukiingia msikitini, ziangalie kuta kwa karibu: ni matumbawe. Aina moja ilikatwa baharini ikiwa bado laini, ikachongwa mihrabu na nakshi, kisha ikakauka na kuwa ngumu. Mengine yalichomwa kuwa chokaa. Vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba kwa sababu dari lililala juu ya boriti za mikoko, nazo zina urefu wake. Kwenye upanuzi wa msikiti mafundi waliweka kuba za mawe, na baadhi zingali zimesimama. Mimi hizo ndizo hunishangaza kuliko bwawa la sultani.