Usimpake rangi bata wa mbao

Ukimpata bata bandia wa zamani, rangi imebanduka na mdomo umechubuka, mkono unakimbilia msasa na kopo la rangi. Si ang'ae ndipo auzike? Hapana. Hapo umeitupa sehemu kubwa ya thamani yake.

Bata hawa walichongwa Marekani, mfano kwenye ghuba ya Chesapeake, wakaelea majini kuwavuta bata mwitu wakaribie bunduki. Mkusanyaji hununua mkono wa fundi, na mkono huo umo kwenye rangi: brashi iliyoburutwa rangi ikiwa bado mbichi hadi manyoya yaonekane. Mchongaji Elmer Crowell wa Massachusetts alisifika kwa hilo. Mwaka 2007 ndege wake wawili waliuzwa zaidi ya dola milioni 1 kila mmoja.

Hata tundu la risasi halimtishi mnunuzi kama rangi mpya. Kuna utata kidogo: wawindaji wenyewe walikuwa wakiwapaka upya kila walipofifia, na rangi hiyo ya kazini huvumilika. Ya kwako ya juzi, la. Mfute vumbi kwa kitambaa kikavu, umwache hivyo hivyo.