Nusu pointi ya Lee Chang-ho

Kila ninapomfundisha mtu Go, mchezo wa ubao ambao wawili hushindana kuzingira maeneo kwa kete na kuhesabu pointi, siku moja ataniuliza: huyu bingwa alikuwa anaongoza vizuri, mbona kaishia kushinda kwa nusu pointi tu? Hapo huwa natoa ubao wa pili na kumpangia pambano la Lee Chang-ho, bingwa wa Korea.

Ubao wa Go una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Mwenye kete nyeusi ndiye anayeanza, na kwa kuwa kuanza kuna faida, mweupe hupewa fidia ya pointi. Korea ya leo inatoa 6.5, Lee alipokuwa anachipukia ilikuwa 5.5. Ile nusu imewekwa ili pasiwe na sare. Basi nusu pointi ndiyo ushindi mdogo kuliko wote, na taji unalokupa ni lile lile ambalo ungepewa kwa pointi 30.

Lee alizaliwa Jeonju mwaka 1975. Mwaka 1984 alipelekwa Seoul kuishi nyumbani kwa mwalimu wake, Cho Hun-hyun, ambaye naye alilelewa hivyo hivyo Japani, kwa mzee Segoe Kensaku. Cho ndiye aliyeifanya dunia iitazame Korea. Mwaka 1989 alikuwa Mkorea pekee kwenye Kombe la Ing, shindano la kimataifa, akamshinda Nie Weiping wa China 3–2, pambano la mwisho likichezwa Singapore. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno, hata Wakorea wakamwita Mbayuwayu. Mtoto aliyemlea akatoka kinyume chake kabisa: uso hautikisiki, hana papara. Huyo wakamwita Budha wa Jiwe.

Mwaka 1990, bado anakula na kulala kwa mwalimu, Lee alianza kumvua mataji. Kufika mwaka 1995 Cho hakubakiwa na hata moja. (Alirudi, tena kwa kishindo: alitwaa Kombe la Samsung akiwa karibu na miaka 50. Namheshimu sana kwa hilo.)

Silaha ya Lee ilikuwa sehemu ya mwisho ya mchezo, ile ambayo Wakorea huiita kkeutnaegi, wakati mipaka inafungwa na kila hatua ina thamani ya pointi mbili, moja, au chini ya hapo. Wachezaji wengi hufika hapo wamechoka. Yeye ndipo alipokuwa anaamka.

Tuseme umehesabu ubao mzima ukaona unaongoza kwa pointi 2.5. Pembeni kuna nafasi ya kuongeza mbili, lakini ukiichukua unaacha mwanya ambao mpinzani anaweza kuupenya na kuzua vita usivyovitarajia. Wengi wetu tunachukua zile mbili, maana mkono unawasha. Lee aliziba mwanya. Mpinzani akachukua yeye zile pointi mbili, Lee akabakiwa na 0.5, na ubao ukawa hauna tena pa kumdhuru. Watazamaji waliona amelegea, kumbe mlango umeshafungwa.

Ila jambo hili linataka hesabu isiyokosea. Ukipunja pointi moja tu katika kuhesabu, usalama wako wote umekuwa kushindwa. Lazima ujue mapema ni hatua zipi zitamlazimu mpinzani kujibu na zipi ataweza kuzipuuza, na nani atapata nafasi ya mwisho iliyobaki. Lee alikuwa anayaona haya wakati wenzake bado wanapigana katikati ya ubao.

Machi 2016, Lee Sedol, bingwa mwingine wa Korea, alipokutana na programu ya kompyuta ya AlphaGo kule Seoul na kufungwa 4–1, wachambuzi wengi walishangaa kuona programu ikiachia pointi mwishoni kana kwamba haijali. Programu ile ilikuwa imeundwa kutafuta uhakika wa kushinda. Ukubwa wa ushindi haukuwa na maana kwake. Mimi nilimkumbuka Lee Chang-ho mara moja. Yeye alilifikia wazo hilo tangu utotoni, kwa kichwa chake mwenyewe.

Anayetaka kuona wazo hilo likifanya kazi chini ya shinikizo, atafute mapambano yake ya Kombe la Nongshim, ambako China, Japani na Korea huleta wachezaji watano kila moja, na anayeshinda hubaki kumkabili anayefuata. Katika msimu wa 2004–2005 Wakorea wenzake wanne walikuwa wameshatolewa. Mbele yake walibaki wapinzani watano. Alimshinda wa kwanza Busan, kisha akaenda Shanghai akawamaliza wanne waliosalia, mmoja baada ya mwingine. Katika kombe hilo alifikisha ushindi wa mapambano 14 mfululizo, rekodi iliyosimama hadi Februari 2024, Shin Jin-seo, kijana wa Busan aliyezaliwa mwaka 2000, alipowashinda sita mfululizo, watano wao Wachina, na kuifikisha 16. Shin hucheza kwa ukali ambao Lee hakuwa nao, lakini tazama hatua zake 50 za mwisho akiwa anaongoza: anaziba mianya.