Vidoa vimepotea, kimelea bado kimo: ugonjwa sugu katika tangi la samaki wa maji chumvi

Mwishoni mwa masika mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni, hapa Tanga, aliniita nyumbani kwake. Tangi lake la kioo la lita 200 liko sebuleni, na ndani yake walikuwamo kitatange wawili, kangaja mmoja na kamba wadogo waliojificha kwenye mawe. Aliniambia kwa uchovu, "Mwanangu, hawa samaki wameshapona mara tatu."

Nilichuchumaa mbele ya kioo. Kangaja alikuwa akijisugua ubavu kwenye jiwe, anageuka, anajisugua upande wa pili. Juu ya pezi lake jeusi mlitapakaa vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi laini. Vifuniko vya matamvua vilikuwa vikienda mbio, kama kifua cha mtu aliyepanda ngazi bila kupumzika.

Ilinibidi nimweleze Mwalimu kwamba samaki wake hawakuwa wamepona hata mara moja.

Kimelea kinacholeta ugonjwa huu wa vidoa vyeupe huitwa kitaalamu Cryptocaryon irritans. Ni kijidudu chenye seli moja, na kila kidoa unachokiona ni kijidudu kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula na kunenepa. Kwa kawaida hukaa humo siku 3 hadi 7. Kikishiba kinatoka, kinashuka chini, kinatambaa kwenye mchanga au jiwe, kisha kinajijengea ganda gumu. Ndani ya ganda hilo kinajigawa tena na tena, mpaka kimoja kizae watoto zaidi ya mia. Watoto hao hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku 1 au 2 wanakufa.

Hapo ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Siku kimelea kinapodondoka, samaki huonekana safi, na mwenye tangi humshukuru Mungu na kuacha dawa. Kumbe adui yuko chini, ndani ya ganda ambalo dawa nyingi hazipenyi. Tena watoto hutoka zaidi gizani, kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati samaki wamelala karibu na mchanga. Baharini mkondo ungewatawanya, na wengi wangekufa bila kumwona samaki. Ndani ya lita 200 hawana pa kwenda isipokuwa kwa samaki yuleyule, kwa hiyo kila mzunguko huwa mkali kuliko uliotangulia.

Mwalimu alikuwa ametumia mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba. Nauzungumzia kwa kirefu kwa sababu nauona kila mara, na umeua samaki wengi. Ni kweli kwamba shaba hutibu vidoa vyeupe. Lakini kiwango kinachotakiwa ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita moja ya maji, na kishikiliwe hapo bila kushuka kwa wiki 3 au zaidi. Mrututu una shaba kama robo ya uzito wake. Ukipiga hesabu, tangi zima la lita 200 linataka takriban gramu 0.16 tu za mrututu. Mfinyo wa vidole viwili unapita kiasi hicho kwa mbali. Tena mawe ya matumbawe na mchanga wake hunyonya shaba, hivyo kipimo cha asubuhi si kipimo cha jioni. Kamba, kaa, konokono na matumbawe hawaivumilii kabisa. Kama huna vifaa vya kupimia shaba kila siku, tafadhali usiitumie, na usiitie kamwe kwenye tangi lenye mawe.

Wapo wanaopunguza chumvi ya maji hadi gramu 15 au 16 kwa lita, kutoka 35 hivi ya bahari yetu, kwa wiki 3 hadi 4. Njia hii hufanya kazi, ila inataka kipima chumvi cha kuaminika, na baadhi ya aina za kimelea hiki zimeonekana kuistahimili.

Kwa mtu wa Tanga mimi naipendelea njia ya kuhamisha. Bahari iko mlangoni petu, maji yake hatununui, na dawa haihitajiki. Tafuta diaba mbili, pampu ya hewa kwa kila moja, na vipande vya bomba la plastiki ili samaki wapate pa kujificha. Siku ya 1 watoe samaki wote tangini uwatie diaba ya kwanza. Siku ya 4 wahamishie ya pili yenye maji mapya. Ile ya kwanza imwage, isugue, ianike juani mpaka ikauke kabisa, pamoja na bomba na pampu yake. Siku ya 7 wanarudi ya kwanza, siku ya 10 ya pili, na siku ya 13 wanaingia kwenye chombo safi cha kukaa. Siri yake ni saa 72. Kimelea kilichodondoka kinahitaji angalau siku 3 ndani ya ganda kabla ya kutoa watoto, na ukiwahi kuhama unaliacha ganda nyuma, jua linamaliza kazi. Ukichelewa nusu siku, anza upya. Lisha kidogo, maana diaba haina chujio na uchafu wa samaki hugeuka sumu haraka.

Maji yachote bamvua likijaa, mbali na bandari na mdomo wa Mto Zigi, hasa wakati wa mvua ambapo chumvi hupungua. Yachuje kwa kitambaa, yafunike kwenye pipa kwa siku 3, ili kijidudu chochote kinachoogelea humo kife kwa kukosa samaki. Kabla ya kuhamisha hakikisha joto na chumvi vinalingana.

Na tangi la sebuleni? Libaki bila samaki hata mmoja. Kamba, konokono na matumbawe wabaki humo, taa na pampu ziendelee, kwa kuwa kimelea hiki hakiishi juu yao. Kwenye maji ya joto kama yetu maganda mengi hupasuka ndani ya mwezi, lakini watafiti wamewahi kushuhudia ganda likitoa watoto siku ya 72. Ndiyo maana nashauri wiki 11. Mwalimu aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, akauliza, "Hata kale kadogo kasibaki?" Hata kadogo. Samaki mmoja aliyebaki anatosha kuulisha ukoo mzima wa vimelea, hata akionekana mzima, kwa kuwa aliyewahi kuugua hujenga kinga kiasi na huweza kukibeba bila vidoa.

Ukiona vumbi laini kama unga badala ya punje, na samaki wanakufa ndani ya siku chache, huo ni ugonjwa mwingine na ni wa haraka zaidi. Usisubiri, mwite mtaalamu siku hiyohiyo.

Watu huniuliza kama mtoto akitia mkono tangini ataambukizwa. Kimelea hiki hakimpati binadamu. Mkono wenyewe, ukiwa umelowa, ndio unaoweza kukihamisha toka chombo hadi chombo, sawa na ndoo na wavu. Kila chombo kiwe na wavu wake. Samaki mpya, hata akiwa ametoka hai kwenye dema ya wavuvi wa Sahare asubuhi hiyohiyo, akae peke yake siku 30. Jiwe bichi kutoka baharini nalo likae kwenye pipa lisilo na samaki kwa zile wiki 11.