Simulesheni ya jeti za mashimo meusi maana yake nini, na mwanga uliopolaraizika unaingia wapi

Kila ikitoka habari ya shimo jeusi na ndani yake kuna neno simulesheni, yaani kuiga kitu kwa hesabu ndani ya kompyuta, haichukui muda utaona mtu kaandika "kumbe ni ya kompyuta tu", yaani ameelewa kwamba kuna jamaa kakaa akachora kitu cha kupendeza. Naomba leo tulichambue hili neno taratibu, maana kwenye kazi hii simulesheni ni kama mahakama, mawazo yanaletwa pale yanapimwa, na mengi yanatupwa nje, na shahidi mkubwa ni mwanga uliopolaraizika.

Tuanze na jeti yenyewe. Kuna galaksi inaitwa M87, iko miaka nuru milioni 55 hivi kutoka hapa (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), upande wa kundi la nyota la Mashuke, hiyohiyo Mashuke unayoisikia kwa watu wa falaki. Mwaka 1918 mwanafalaki Heber Curtis wa kituo cha Lick, California, aliona kwenye picha za galaksi hiyo mstari mwembamba umenyooka, unaanzia katikati unaenda nje, akauandika hivyo hivyo alivyouona. Leo tunajua ule mstari ni mkondo wa plazma, yaani gesi ya moto kiasi kwamba elektroni zimeachana na viini vyake, unakimbia karibu na kasi ya mwanga, na sehemu inayong'aa ina urefu wa kama miaka nuru 5,000. Pale unapoanzia kuna shimo jeusi lenye uzito wa Jua letu mara bilioni 6.5.

Sasa watu huuliza, na ni swali zuri, kama shimo jeusi likimeza kitu hakirudi, hiyo jeti imetokaje? Haijatoka ndani. Gesi inayozunguka nje ikisubiri kuanguka inakuja na usumaku wake, na shimo lenyewe likiwa linajizungusha linaiburuza hata nafasi iliyo jirani nalo, kwa hiyo ile mistari ya usumaku inasokotwa. Kama umewahi kumwangalia mtu anasokota kamba ya usumba utanielewa haraka: anasokota, kamba inakaza, akizidisha inaanza kujikunja yenyewe inataka kumruka mkononi. Usumaku uliosokotwa nao unataka kujinyoosha, unasukuma kwenda juu na chini kufuata mhimili wa shimo, na plazma inaondoka nao. Nguvu inayolipa gharama zote hizo ni ule mzunguko wa shimo. Waliopiga hesabu hiyo ni wanafizikia Roger Blandford na Roman Znajek mwaka 1977, na mpaka leo ndiyo maelezo yanayotegemewa zaidi.

Shida ni kwamba usumaku hauonekani. Utaupimaje kutoka miaka nuru milioni 55?

Hapo ndo polaraizesheni inapoingia. Mwanga ni wimbi, na wimbi linatikisika kuelekea upande fulani huku likisafiri. Mwanga wa Jua au wa moto wa kuni una mitikisiko ya kila upande imechanganyika, huo haujapolaraizika. Mwanga ambao mitikisiko yake mingi imelala upande mmoja ndo tunasema umepolaraizika. Ukitaka kuuona kwa macho yako, chukua miwani ya jua ile ya polaraizi, ishike mbele ya skrini ya laptop halafu izungushe polepole kama unafungua kifuniko cha chupa, kuna pembe utafika skrini itazima kabisa kuwa nyeusi, endelea kuzungusha itarudi. Skrini haijazimwa, ila mwanga wake unatikisika upande mmoja na miwani inapitisha upande mwingine. Wavuvi wanaovaa miwani hizo wanafaidika na jambo hilohilo, ule mng'ao unaodunda juu ya maji umepolaraizika kwa sehemu kubwa, miwani inaukata na samaki anaonekana chini.

Kwenye jeti, elektroni zinakimbia zikijizungusha kwenye mistari ya usumaku, na kila zikikunja kona zinatoa mwanga unaoitwa wa sinkrotroni, ambao mtikisiko wake unakata mstari wa usumaku kama msalaba. Kwa hiyo ukipima upande wa mtikisiko unapata upande wa usumaku, ndio uzuri wake. Mwaka 1956 mwanafalaki Walter Baade alipima mwanga wa ile jeti ya M87 akakuta kweli umepolaraizika, na hapo watu wakapata uhakika kwamba wanachokiangalia ni elektroni ndani ya usumaku, maana nyota za kawaida haziwezi kutoa mwanga wa namna ile.

Ungedhani basi kazi imeisha, pima mtikisiko soma usumaku. Haiko hivyo. Usumaku ukiwa umenyooka sehemu yote mwanga wa sinkrotroni unaweza kufika asilimia 70 ya polaraizesheni, lakini kwenye lile duara la mwanga linalozunguka shimo la M87, lililopigwa picha na mtandao wa darubini za redio unaoitwa Event Horizon Telescope, kiwango cha juu kilikuwa kama asilimia 15 tu. Nyingine imepotelea wapi? Mwanga ukipita kwenye plazma yenye usumaku, upande wake wa mtikisiko unageuzwa njiani, na miale iliyopita njia tofauti inageuzwa kwa viwango tofauti, ikichanganyika inafutana. Juu ya hapo uvutano wa shimo unaikunja miale yenyewe, mwanga uliozaliwa nyuma ya shimo unakufikia umezunguka kwa pembeni. Kwa hiyo kinachofika kwenye antena ni ujumbe uliovurugwa, na huwezi kuurudisha nyuma kirahisi ukajua mwanzoni ulikuwaje.

Ndo maana wanaanza upande wa pili, wanajenga shimo jeusi ndani ya kompyuta. Wanachukua milinganyo ya uvutano ya Einstein pamoja na ile ya mwendo wa gesi na usumaku, eneo la kuzunguka shimo linakatwa vyumba vidogovidogo mamilioni, kila chumba kina namba zake za msongamano, joto, kasi na usumaku. Unaanza na gesi iliyokaa kama chapati nene yenye tundu katikati ikizunguka shimo, na usumaku dhaifu ndani yake, halafu unaiachia. Kuanzia hapo hamna anayechora chochote, kompyuta inasogeza muda kidogo kidogo, inapiga hesabu ya kila chumba na jirani zake, na baada ya muda usumaku unavutwa kuingia kati, unasokotwa, na jeti inachomoza yenyewe. Mimi hapa ndo hunigusa kila mara, milinganyo haijaambiwa kuna kitu kinaitwa jeti lakini jeti inatokea.

Hiyo ni nusu ya kazi. Gesi ya kwenye kompyuta sio picha bado, inabidi upige "picha" yake. Programu nyingine inafuata miale kutoka kwenye kamera kurudi nyuma hadi karibu na shimo, ikikunja njia kama uvutano unavyotaka, na kwenye kila hatua inabeba namba nne: mwanga wote ni kiasi gani, mbili za kueleza mtikisiko umelala wapi na kwa nguvu gani, na moja ya mtikisiko unaojizungusha kama skrubu. Ule ugeuzwaji wa njiani nao unahesabiwa humohumo. Mwisho picha inafifishwa makusudi ifanane na uwezo wa darubini halisi, ndo inawekwa pembeni ya picha ya kweli. Kuna sehemu ngumu hapa ambayo inafaa isemwe wazi: milinganyo inatoa joto la gesi kwa ujumla, lakini mwanga unatolewa na elektroni, na joto la elektroni peke yake inabidi likadiriwe, kwa hiyo wanajaribu makadirio mengi, pamoja na kasi tofauti za shimo kujizungusha na viwango tofauti vya usumaku. Kwa picha ya M87 iliyotolewa mwaka 2019 walitengeneza picha za kompyuta zaidi ya 60,000.

Na 2019 picha ile haikutosha kuamua. Kuna kundi la mifano ya kompyuta yenye usumaku dhaifu, gesi inausukuma usumaku kila upande, na kuna kundi ambalo usumaku umejazana karibu na shimo mpaka unaizuia gesi isianguke kirahisi. Kwa mwangaza tu, makundi yote mawili yalitoa duara linalofanana na lile la kweli. Machi 2021 ikatoka picha ya polaraizesheni, mistari inayoonyesha upande wa mtikisiko imejipanga kama maji yanayozunguka yakishuka kwenye tundu, na hapo mifano mingi ya usumaku dhaifu ikashindwa, mingine ilitoa polaraizesheni iliyovurugika kupita kiasi, mingine ikapanga mistari vibaya. Iliyobaki ni ya usumaku wenye nguvu, kati ya gausi 1 na 30 (gausi ni kipimo cha nguvu ya usumaku), ambapo usumaku wa Dunia hii yetu ni kama nusu gausi. Namba inaonekana ndogo, lakini kwenye gesi nyepesi kiasi kile inatosha kabisa kuisukuma na kurusha jeti.

Shimo la katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, nalo likapata picha yake ya polaraizesheni Machi 2024, na mpangilio unafanana na wa M87 ingawa shimo lenyewe ni dogo zaidi ya mara elfu moja na hatujaliona likirusha jeti ya namna ile. Sasa hivi wanatafuta humo kama kuna jeti iliyojificha.

Halafu 2025 wakaweka pamoja picha za M87 zilizopigwa 2017, 2018 na 2021, duara liko palepale na ukubwa uleule, lakini ule mzunguko wa mistari ya polaraizesheni ulikuwa umegeuka, 2021 unaelekea kinyume na 2017. Kwa hiyo mfano wa kompyuta unaotoa picha moja nzuri iliyotulia hautoshi tena, unatakiwa utoe shimo ambalo ndani ya miaka minne polaraizesheni yake inageuka upande huku duara halibadiliki.