Rubani, Kabla ya Kupaa Angalia Ratiba ya Mechi

Kuna kosa ambalo rubani anaweza kulifanya akiwa na leseni halali, ndege isiyo na hitilafu na anga jeupe: kupita juu ya uwanja wa michezo wakati mechi inaendelea. Vijana wa Afrika Mashariki wanaosomea urubani Marekani hukutana na jambo hili mapema, kwa sababu huko katazo halisubiri kiongozi wa nchi aje uwanjani. Lipo msimu mzima.

Lilianza baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na mwaka 2003 Bunge la nchi hiyo likaliingiza kwenye sheria. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inazuia ndege kuingia ndani ya maili 3 za baharini kutoka uwanjani, kama kilomita tano na nusu, kuanzia ardhini hadi futi 3,000. Zuio huanza saa moja kabla ya mchezo na hukoma saa moja baada ya mchezo kwisha. Linahusu viwanja vyenye viti 30,000 au zaidi, tena kwa michezo iliyotajwa tu: ligi kuu ya besiboli, NFL ambayo ni ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, futiboli ya Kimarekani ya vyuo vya daraja la kwanza, na mbio kubwa za magari kama NASCAR na IndyCar. Ligi yao ya soka, MLS, haimo, hata ikichezwa kwenye uwanja mkubwa. Watu wa kwetu hushangaa wakisikia hivyo.

Panapowaponza wengi ni hapa: NOTAM, yaani tangazo rasmi kwa marubani, inayotangaza zuio hilo ni ya kudumu, na haitaji mechi yoyote. Haisemi leo nani anacheza na nani, wapi, wala saa ngapi. Kutafuta ratiba ni kazi ya rubani mwenyewe. Nionavyo mimi, huo ni mzigo mzito kumtwisha mwanafunzi, lakini sheria ndivyo ilivyo, na utetezi wa "sikujua kama kuna mechi" haumsaidii.

Besiboli ndiyo mtihani wenyewe. Kila timu hucheza mechi 81 nyumbani kwa msimu. Mchezo hauna dakika 90 wala kipenga cha mwisho. Timu zikiwa sare huendelea hadi mshindi apatikane, na mvua ikinyesha kila kitu husimama, kisha huendelea. Chukua mechi iliyoanza saa 1 usiku. Rubani anakadiria itaisha saa 4, anaongeza saa moja, anapanga kupita saa 5 na nusu akiwa na amani. Mvua ikichelewesha mechi ikaisha saa 5, anga bado limefungwa mpaka saa 6, naye yumo ndani. Dawa yake ni kupanga njia inayoukwepa uwanja kabisa, badala ya kukisia muda.

Halafu kuna urefu. Futi hizo 3,000 hupimwa kutoka ardhini, ilhali altimita humwonyesha rubani urefu kutoka usawa wa bahari. Jiji la Denver liko futi 5,280 juu ya bahari, hivyo dari la zuio kwenye uwanja wa Coors Field ni kama futi 8,280 kwenye altimita. Anayepita pale kwa futi 6,000 akidhani yuko juu ya zuio, ukweli ni kwamba futi 700 hivi tu zinamtenganisha na mashabiki. Waliojifunza kurukia uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hesabu hii wameizoea. Aliyeanzia Dar es Salaam huenda hajawahi kuihitaji.

Ndege za polisi, za jeshi na za wagonjwa zinaruhusiwa kuingia, pia ndege iliyoruhusiwa na waongoza ndege kwa sababu za kiusalama au za kiutendaji, mathalani inayotua kiwanja cha jirani. Kuwa na redio iliyowashwa peke yake si kibali.

Super Bowl, fainali ya NFL, ni habari nyingine. Hutolewa NOTAM yake yenyewe, na kwa kawaida mduara wa nje hufika maili 30 za baharini na urefu wa futi 18,000, ndege za kivita zikiwa doria. Ukifuatwa na ndege ya kivita ikatikisa mabawa mbele yako, tikisa yako kujibu, ifuate, na ujaribu kuwasiliana nayo kwa masafa ya dharura ya megahezi 121.5. Ishara hizi ni za kimataifa.

Droni nazo zimo, na mwenye droni mara nyingi hajioni kuwa rubani. Januari 2024, mechi ya NFL kati ya Baltimore Ravens na Kansas City Chiefs ilisimamishwa kwa muda kwa sababu ya droni iliyokuwa juu ya uwanja. Mmiliki wake alifunguliwa mashtaka ya jinai.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaipa kila nchi haki ya kufunga sehemu ya anga lake kwa usalama wa umma, kwa hiyo vipimo vya Marekani visibebwe kichwani kuja navyo huku. Zisomwe NOTAM za nchi husika, kupitia mamlaka za usafiri wa anga: KCAA ya Kenya, TCAA ya Tanzania au UCAA ya Uganda, na zisomwe siku ileile ya safari. Ikifika hatua ya mtoano, dakika 90 zinaweza kuwa 120 na penalti juu yake. Mwenye safari ya jioni kuelekea jiji lenye mechi ahesabu mafuta ya kusubiri angani au kwenda kiwanja mbadala kabla hajawasha injini.