Hesabu mpaka jino la sita

Mketishe mtoto wako wa miaka 6 au 7 mlangoni, penye mwanga, umwambie afungue kinywa. Anza katikati ya taya la chini, uhesabu kwenda nyuma upande mmoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hayo matano ni ya utotoni, au ya mbele yameshaanza kubadilishwa. Ukilikuta la sita, simama hapo. Hilo si jino la mtoto. Ni gego la kudumu, limeota nyuma ya mengine yote bila kung'oa lolote, na ndilo atakalotafunia bugali hata akiwa tate mwenye wajukuu.

Wazazi wengi wa Bukavu hawajui kwamba limefika. Halikutanguliwa na pengo, hakuna jino lililolegea, mtoto hakulia. Basi linahesabiwa pamoja na meno ya utotoni, na likitoboka tunasikia neno lilelile: "Liache, litaanguka lenyewe." Likiondoka hilo, hakuna jingine litakaloota mahali pake.

Ndiyo maana umri wa gego la sita ndio sisi madaktari wa meno tunaouchagua kumwona mtoto kwa mara ya kwanza kuhusu mpangilio wa meno. Chama cha wataalamu wa fani hii cha Marekani nacho kinashauri ukaguzi huo usipite miaka 7. Nasema ukaguzi. Najua hofu ya wazazi: nikimpeleka watamfunga apareyi, nami pesa sina. Ukweli ni kwamba watoto wengi tunaowaangalia katika umri huu hurudi nyumbani bila waya wowote mdomoni. Kwa wengi wao, kazi ya waya, kama itahitajika, itangoja mpaka meno ya kudumu yatoke, karibu na miaka 12. Tunachotafuta mapema ni wale wachache ambao kungoja kutawaumiza.

Mambo mawili huwaleta kina mama mbiombio, na mara nyingi huwa si ugonjwa. La kwanza ni mistari miwili ya meno: jino jipya la mbele la chini limechomoza nyuma ya lile la utotoni ambalo bado limesimama. Mara nyingi la zamani hulegea na kutoka, na ulimi husukuma jipya mbele pole pole. Likiwa bado gumu baada ya miezi 2 au 3, tuleteeni. La pili ni mwanya mkubwa kati ya meno mawili ya juu, kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9. Mara nyingi hupungua chonge zinaposhuka. Na ukibaki mdogo, kwetu mwanya ni uzuri. Sioni sababu ya kuufunga kwa pesa ya nyumba.

Jambo linalonisumbua zaidi haliogopwi na mtu. Ni magego ya utotoni yaliyooza. Mtoto wa miaka 5 anakula bonboni na mandazi, anatafuna miwa njia nzima, analala bila kupiga mswaki, gego linatoboka, linauma usiku, linang'olewa asubuhi. Maumivu yameisha na kila mtu amefurahi. Lakini gego la utotoni lina kazi ya pili mbali na kutafuna: linashika nafasi ya jino la kudumu litakalokuja kati ya miaka 10 na 12. Likitolewa miaka 5 kabla ya wakati wake, gego la sita halina cha kuegemea. Linateleza mbele, linainama, linakalia uwanja wa mwenzake.

Nilimpokea mvulana mmoja wa Bagira, umri wa miaka 11, jino limemtokea pembeni, karibu na shavu, kama limefukuzwa kwenye mstari. Alikuwa ameng'olewa magego mawili upande huo akiwa na miaka 6, mahali pengine, na mama yake hakuambiwa lolote kuhusu pengo. "Dokta, yale yalikuwa meno ya mtoto tu," aliniambia, "si yangetoka hata hivyo?" Hakukosea kwa uzembe. Hakuna aliyemweleza. Siku ile ya kung'oa ingetosha kumtengenezea kishika nafasi: pete ya chuma iliyovishwa jino la jirani, na waya uliopindwa kama kitanzi kuzuia pengo lisijifunge. Ni kazi ndogo, na ni rahisi kuliko miaka miwili ya waya aliyokuja kuihitaji. Na mara nyingi jino lenyewe lingeweza kutibiwa kiini na kuvishwa kofia ya chuma, likabaki mahali pake. Kwa hiyo, mzazi, kabla mtoto hajang'olewa gego la utotoni, uliza maswali mawili: je, haliwezi kutibiwa? Na kama haliwezi, nani atashika nafasi yake?

Sasa turudi mlangoni, penye mwanga. Mwambie mtoto aume kwa magego, midomo uifungue kwa vidole. Meno ya juu yanapaswa kuyafunika ya chini kwa nje kidogo, mbele na pembeni, kama kifuniko kinavyokaa juu ya sufuria. Ukiona jino la mbele la chini limetoka nje ya lile la juu, au kidevu kinahamia upande mmoja anapofunga kinywa, usingoje. Mtoto anayetafuna kwa kuhamisha taya anakua akilihamisha, na uso unaweza kukua umeegemea upande. Katika umri huu kaakaa bado lina mshono ambao haujaungana kwa nguvu. Kifaa cha kulipanua, kinachozungushwa nyumbani kwa ufunguo mdogo kwa maelekezo ya daktari, huweza kurekebisha kwa miezi michache. Kwa mtu mzima mshono huo umefunga, na mara nyingi kazi hiyohiyo hutaka upasuaji.

Meno ya juu yaliyochomoza sana ni habari tofauti. Tafiti zilizolinganisha watoto waliotibiwa mapema na waliongoja ujana zimeonyesha kwamba mwishoni meno yao hukaa karibu sawa. Tofauti iliyo wazi ni moja: waliotibiwa mapema huvunja meno ya mbele kwa uchache zaidi. Kwa mtoto mtulivu naweza kungoja. Kwa yule anayecheza mpira kwenye miteremko ya Kadutu na kuanguka kila wiki, nitawashauri wazazi tuanze.

Kidole kinywani hakina neno mpaka miaka 3 au 4. Kikiendelea meno ya kudumu yanapotoka, huyasukuma ya juu nje na kuacha uwazi mbele. Kumpaka mtoto pilipili au kumpiga humwongezea huzuni tu. Msifu siku aliyokiacha. Anayelala kinywa wazi na kukoroma, aonwe kwanza na daktari wa pua na koo.

Na katika ukanda wetu kuna jeraha tunalowafanyia watoto wenyewe. Mtoto mchanga ana homa na kuhara, mtu anamkwangua ufizi kutoa "meno ya plastiki" yanayodhaniwa kuleta ugonjwa huo. Kile cheupe kinachotolewa ni chipukizi la chonge ya utotoni. Mtoto anaweza kuvuja damu, kupata pepopunda, hata kufa. Akipona, chonge ya kudumu huweza kutoka imeharibika au isitoke kabisa. Homa na kuhara vinatibiwa kituo cha afya.

Anapofika miaka 10, pitisha kidole juu ya fizi za juu, kwa nje. Unapaswa kugusa uvimbe mdogo pande zote mbili, chonge zikijiandaa kushuka. Usipougusa upande mmoja, tuonyeshe: wakati mwingine kutoa chonge ya utotoni mapema kunaifungulia ya kudumu njia.

Siku ya kuja, mtoto awe amekula na kupiga mswaki. Usimwambie "hawatakuumiza", maana hapo ndipo anapoanza kufikiria maumivu. Mwambie dokta atahesabu meno. Tukikwambia urudi baada ya miezi 6, hatujakufukuza, tunangoja jino fulani. Lakini kama mtoto ameshang'olewa gego la utotoni, miezi hiyo ni mingi mno: mlete wiki hii.